Mzazi Mwenye Mikono ya Baridi

Mwenye mzazi aliyetoka kujifungua ndani ya nyumba asikilize vizuri, na mwenye binti anayemeza vidonge vya moyo asikilize mara mbili. Mwantum wa Ruaruke hakuwa mjinga. Alisoma mpaka darasa la saba, mwandiko wake unasomeka, na watoto wanne aliwalea bila kuazima akili ya mtu. Alichokuwa nacho ni woga. Na woga wa mama ukikaa sana kifuani hujiita ujuzi.

Binti yake wa tatu, Ashura, alikuwa na moyo mgonjwa. Akiwa na miaka kumi na mmoja aliugua koo, koo likapona. Kisha magoti yakavimba, yakapona nayo, watu wakasahau. Kumbe ugonjwa haukwenda mbali, ulishuka ukajificha moyoni. Ulijitokeza alipobeba mimba ya kwanza, akiwa kwa mumewe Ikwiriri. Ndoo moja ya maji, hatua kumi, Ashura anaketi chini kutafuta pumzi. Mumewe Ridhiwani, kijana mnunuzi wa ufuta, akampeleka hospitali, na hospitali ikamtuma Dar akapigwe picha ya moyo. Huko wakaambiwa kuna mlango ndani ya moyo umekakamaa, haufunguki wote. Akapewa vidonge vya kupunguza kasi ya moyo, asubuhi kimoja, jioni kimoja, na akaonywa asithubutu kuzalia nyumbani.

Akajifungua Kibiti hospitalini, salama salimini, mtoto wa kike. Ulikuwa mwezi wa sita, kipupwe kimeshika, asubuhi watu wanatoka na mashuka mabegani. Na kwa kuwa ulikuwa uzazi wa kwanza, desturi haikuuliza mtu: mzazi wa kwanza arobaini yake huitimiza kwa mama yake. Mwantum akaacha mpunga wake shambani nusu umevunwa nusu umesimama, akaenda kumchukua mwanawe.

Siku ile ya kutoka, muuguzi alisimama kando ya kitanda akaeleza kila kitu, polepole, tena mara mbili. Ridhiwani alisikiliza. Mwantum alikuwa anamfunga mjukuu, anatafuta chupa ya chai, anahesabu kanga zisije zikabaki. Alisikia "asiache hata siku moja." Akasikia "mikono." Yaliyobaki yalipita juu ya kichwa chake kama ndege wa mpunga.

Nyumbani mambo yakaenda kama yanavyotakiwa. Ashura akafungwa mkaja, kile kitambaa cha tumbo cha mzazi, ukakazwa mpaka akalalamika. Asubuhi na jioni Mwantum alimkanda kwa maji ya moto, kitambaa kinachovywa kinatoa moshi, kinawekwa kiunoni, mzazi anaguna, mama anamwambia, "Guna tu, hiyo ndiyo baridi inatoka." Maji ya baridi Ashura hakuruhusiwa hata kuyanawia. Uji wake ulikuwa wa pilipili manga, mkali, wa kutoa machozi. Na humo ndani ya uji ndimo kilimokuwa kikipita kidonge. Maana Ashura tangu utoto hawezi kumeza dawa nzima, humrudi. Mwantum alikiponda kwa mgongo wa kijiko, akakikoroga na uji, akasimama hapo hapo mpaka bakuli limekauka.

"Mama, unanisimamia kama askari magereza."

"Nakusimamia kama mama. Lamba na kijiko."

Siku ya saba alikuja mama yake Ridhiwani kumpa mtoto jina. Bi Mwanaamina alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na ulimi wake ulikuwa hauna mlango. Alikuja na wanawake watatu, kuku wawili na kanga mpya. Mtoto akaitwa Muzdalifa. Bi Mwanaamina akambeba, akamgeuza huku na huku.

"Mke mwenzangu huyu! Umekuja kuninyang'anya mzee wangu, eti? Mchukue. Ila anakoroma, mie simo."

Watu wakacheka. Akamkabidhi mtoto mmoja wa wanawake aliokuja nao, akasogea kumpa mkono mzazi. Akaushika. Kisha akaushika na wa pili.

"Mkwe," akamgeukia Mwantum, "mzazi huyu mbona mkono wake kama kambale?"

"Kambale vipi tena?"

"Baridi! Hebu shika mwenyewe. Mzazi wa siku saba, maji ya moto, uji wa pilipili, mkono wa baridi namna hii? Kwetu mzazi ukimshika unaungua. Au kuni zimekwisha Ruaruke, mkwe wangu? Sema, nikuletee za Ikwiriri kwa basi."

Alisema kwa utani, na wanawake wakacheka kwa utani. Lakini utani wa mkwe una mfupa ndani yake, na mfupa ule ulimkwama Mwantum kooni. Alicheka nao. Akawapakulia wali, akawasindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kitandani, akaishika mikono ya Ashura, kisha akafunua shuka akashika na miguu. Vidole vya miguu vilikuwa kama vimetoka kwenye mtungi.

"Unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Unasikia baridi?"

"Mikono tu na miguu. Tangu nilipoanza dawa iko hivi. Nishazoea."

Tangu nilipoanza dawa. Neno hilo Mwantum alikwenda nalo jikoni, akaketi nalo mbele ya mafiga.

Sasa mtu wa mbali hataelewa uzito wake. Kwetu huku, adui wa mzazi ni baridi. Bibi zetu walituambia, na bibi zao waliwaambia: mwili wa mzazi uko wazi kama nyumba isiyo na mlango, baridi ikiingia haitoki, inakaa kwenye mifupa, inakausha maziwa, inamfanya mwanamke kuwa mtu wa kuugua maisha yake yote. Ndiyo maana ya maji ya moto, mkaja na pilipili. Na hapa Mwantum anamkanda mwanawe asubuhi na jioni mpaka viganja vyake mwenyewe vimebabuka, halafu anamkorogea baridi ndani ya bakuli kwa mkono wake! Anaitoa kwa kitambaa, anairudisha kwa kijiko. Hivyo ndivyo alivyoona. Na mkono ukiwa wa baridi, maana yake nini? Maana yake damu haifiki. Na damu isipofika vidoleni leo, kesho itaacha kufika wapi?

Angeweza kumpigia Ridhiwani. Angeweza kupiga ile namba ya hospitali iliyoandikwa nyuma ya kadi. Lakini kupiga simu ni kuuliza, na aliyetoka kuchekwa kwamba hana kuni haulizi. Akajiambia: mtoto keshazaliwa, mzigo umetoka tumboni, moyo umepata nafasi. Dawa ilikuwa ya mimba. Nitaipumzisha tu, mpaka arobaini iishe, kisha ataendelea nayo akiwa na nguvu zake.

Kesho yake asubuhi akapika uji kama kawaida, pilipili kama kawaida, na kidonge akakifunga kwenye pindo la kanga yake. Hakukitupa. Dawa ni dawa. Akasimama mpaka bakuli limekauka.

"Leo uji mtamu," alisema Ashura.

"Nimezidisha sukari."

Hapo ndipo pa kuogopa, enyi mama zangu, maana ubaya ungekuja siku ile ile Mwantum angejua. Haukuja. Siku ya kwanza ilipita kimya. Siku ya pili akaishika mikono ya Ashura: ya moto! Miguu, ya moto! Mashavu yamepata rangi, macho yanang'aa. Mwantum alitamani kupiga vigelegele. Akampigia mkwewe hapo hapo.

"Bi Mwanaamina, ule mkono wa kambale njoo uushike sasa. Utaungua, usiseme sikukuambia!"

"Eeh! Kuni zimepatikana?"

"Kuni zilikuwapo siku zote, mkwe. Mpishi ndiye aliyekuwa hajauona moto."

Wakacheka wote wawili, na Mwantum akakata simu akiwa ameshinda.

Siku ya tatu Ashura, akinyonyesha, aliweka kiganja kifuani. "Mama, moyo unanidunda. Unakwenda mbio kama nimetoka kutwanga."

"Ni damu inarudi mahali pake. Ilikuwa imelala."

Siku ya nne alianza kukohoa, kikohozi kidogo kidogo, kikavu. Mwantum akazidisha pilipili. Jioni Ashura akaomba mto wa pili. Akaomba wa tatu. Akilala chali anasema kifua kimejaa, akikaa anapata nafuu. Mwantum alimwegemeza ukutani, akampangia mito, akamfunika, na moyoni mwake kitu kikaanza kumwambia. Alikisikia. Akakijibu kwamba mafua ya kipupwe yanawakamata watu wengi mwaka huu.

Siku ya tano, saa mbili asubuhi, akachemsha maji ya kukanda. Alipokiweka kitambaa cha kwanza kiunoni, Ashura hakuguna. Alimshika mama yake mkono kwa nguvu, akafungua mdomo, na pumzi ikawa haiji. Mabega yanapanda, yanashuka, kifua kinachemka ndani kama sufuria yenye kifuniko. Midomo ilikuwa imepoteza rangi. Akakohoa, na makohozi yakatoka na povu.

"Mama... sipati... hewa."

Mwantum hakupiga kelele, hilo tumsifu. Alimkalisha wima, akamlegeza mkaja, akatoka mlangoni na kumwita Shaabani, jirani wa nyumba ya tatu mwenye bajaji, aliyekuwa ndiyo kwanza anaifuta kioo.

"Shaabani! Kibiti, sasa hivi. Ashura."

Shaabani alimtazama usoni mara moja tu, akaangusha kitambaa.

Njia yote Ashura alikaa ameinamia mbele, paji la uso kwenye bega la mama yake, mtoto yuko mgongoni mwa Mwantum. Shaabani alipita mashimo kwa upole, panapohitaji mwendo akatia mwendo, na alikuwa hasemi ila "Tunafika, dada. Pumua tu, kazi ya njia niachie mie." Mwantum alihesabu pumzi za mwanawe. Akaacha, maana zilikuwa nyingi kuliko hesabu yake. Alimpigia Ridhiwani, akamwambia maneno matatu: mkeo, hospitali, njoo.

Wakampokea upesi. Wakamkalisha kitandani, wakamfunga barakoa ya oksijeni usoni, wakamchoma sindano ya kumtoa maji kwa njia ya mkojo. Daktari aliyekuwa zamu, Haidari, mtu mwembamba, mpole, aliweka vidole kwenye kifundo cha mkono wa Ashura akitazama saa, akatazama tena. Ridhiwani naye alikuwa ameshafika kutoka Ikwiriri, vumbi la ufuta bado liko kwenye shati.

"Moyo unakwenda mia na hamsini," alisema daktari. "Dada, usiongee sana, nijibu kwa kichwa. Vile vidonge vya moyo, unatumia?"

Ashura akaitikia kwa kichwa. Kisha akaiinua ile barakoa kidogo kwa kidole. "Kila siku. Mama ananitilia kwenye uji. Sijakosa hata kimoja."

Daktari akamgeukia Ridhiwani. "Sasa hapo pana shida. Kama anameza kila siku na moyo bado unakimbia hivi, basi ama dawa imeshindwa, ama kuna jambo jingine limeingia, pengine damu imeganda ikakimbilia mapafuni. Hapa sina kipimo chake. Itabidi tumtafutie gari aende Dar leo hii. Nawaambia ukweli, kwa hali hii aliyo nayo safari ile siipendi. Lakini kama dawa imeshindwa, sina njia nyingine."

Mwantum alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, Muzdalifa mgongoni. Kidole chake kilikuwa kwenye pindo la kanga. Mbele yake kuna mkwe wake, mtoto wa Bi Mwanaamina. Kuna binti yake ambaye sasa hivi amemtolea ushahidi. Akafikiri: Nikinyamaza, nitabaki mama mwema. Akamwona Ashura anavyovuta hewa, shingo imekakamaa mishipa, kama mtu anayepandisha ndoo kutoka kisima kirefu kisicho na mwisho.

"Daktari," akasema. "Hajameza."

"Mama?"

"Hajameza. Leo siku ya tano. Nilikuwa nampa uji mtupu. Yeye hajui." Akafungua fundo, na vidonge vikamwagikia kwenye kiganja chake, vidogo, vyeupe, kimoja kimevunjika. "Hivi hapa. Tisa. Cha leo jioni hakijafika zamu yake."

Ridhiwani alimtazama mama mkwe wake kwa muda, kisha akatazama chini, akatoka akasimama mlangoni akiwapa mgongo. Angemtukana, Mwantum angeona nafuu. Ashura juu ya ile barakoa alikuwa amefumbua macho, yamemkazia mama yake, hayana hasira. Yalikuwa yanauliza tu.

Daktari Haidari hakupandisha sauti. "Siku nne nzima na asubuhi ya leo? Asubuhi na jioni?"

"Asubuhi na jioni."

"Aliacha ghafla, hakupunguza?"

"Ghafla."

"Vizuri umesema, mama. Umesema kwa wakati." Akamwita muuguzi, wakazungumza kwa haraka, na lile neno la gari la Dar halikutajwa tena siku ile. Alimwanzishia tena dawa, kidogo kidogo, huku amemkalia karibu na saa yake. Saa sita mchana mapigo yalikuwa mia na ishirini. Alasiri, mia na tano. Chombo cha mkojo kilijaa mara mbili. Jua lilipokuwa linainamia paa la wodi ya pili, Ashura aliegemea mto, mara ya kwanza kwa siku mbili, akafumba macho akiwa anapumua kwa pua.

Kesho yake daktari alipita, akamkuta Mwantum kwenye benchi la nje, macho mekundu. Akaketi pembeni yake.

"Mama, kwa nini?"

"Mikono ilikuwa ya baridi, daktari. Nikajua damu haifiki."

"Hukukosea kuona. Dawa hizi, sisi tunaziita beta bloka, kweli zinapunguza damu ya vidoleni. Moyo unaambiwa upige polepole, na mishipa ya mikono na miguu inabana kidogo. Mwili unatanguliza penye shida kubwa, kichwa, figo, moyo wenyewe. Kidole kinangoja. Ulichokosea ni kudhani kidole kikingoja basi mtu anakufa." Akatafuta mfano. "Kwenu mnateka wapi maji?"

"Bomba la mkono. Lile la kupampu."

"Watoto wakilichezea, mkono juu chini juu chini, upesi upesi, nusu nusu, maji yanatoka?"

"Linatema mate tu. Mpaka uvute wote, mpaka chini, kwa utaratibu."

"Basi. Moyo wa Ashura una mlango mwembamba. Damu inahitaji muda wa kupita pale na kujaza chumba. Ukipiga polepole, chumba kinajaa, na kila pigo linatoa damu ya kutosha. Ukipiga mbio, chumba hakijajaa ushasukuma, kwa hiyo mbele inakwenda kidogo, na nyuma inarundikana. Nyuma ya mlango ule kuna mapafu. Maji uliyoyasikia yanachemka kifuani ndiyo hayo."

"Na ile mikono ilipokuwa ya moto? Nilifurahi, daktari. Nilipiga mpaka simu."

"Ulikuwa moto wa moyo unaokimbia. Mbuzi aliyefungwa kamba siku nyingi, ukiikata ghafla, hatembei. Anapiga mbio mpaka barabarani. Dawa hii hata sisi tukitaka kumwachisha mtu tunapunguza kwa wiki nzima au mbili. Na baridi ikimsumbua, mvisheni soksi. Ikizidi sana, vidole vikibadilika rangi au vikiuma, njooni, ziko dawa nyingine za kundi hili. Soksi, mama. Siyo kunyang'anya kidonge."

"Na yale maji ya moto?"

"Ya uvuguvugu, kidogo, akiwa amekaa, hayana ubaya. Ya kutoa moshi yanafungua mishipa yote kwa mara moja, atazimia."

Mwantum akaitikia kwa kichwa. Kisha akainuka, akaingia wodini.

Ashura alikuwa ananyonyesha, ameketi. Mama yake akasimama pale pale miguuni.

"Mama," alisema Ashura, hajainua macho kutoka kwa mtoto, "ungeniambia. Ningekataa, tungegombana, ukanisusia siku mbili. Basi. Yangekuwa hayo tu."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Mie pia naogopa. Lakini moyo ni wangu."

Baada ya siku sita wakamruhusu. Ridhiwani ndiye aliyelileta jambo lenyewe, kwa heshima, macho chini, maneno ameyapima: kwamba anaomba, mama akiridhia, mzazi akamalizie arobaini Ikwiriri. Pale ni barabarani, gari halisubiriwi. Na vidonge atajimezea mwenyewe. Muuguzi keshamfundisha kuviponda kwenye maji kidogo. Mzazi wa kwanza kutoka mikononi mwa mama yake kabla ya arobaini! Ruaruke nzima itauliza. Mwantum alimtazama Ashura, na Ashura hakumsaidia kujibu.

"Nimeridhia, baba," akasema.

Bi Mwanaamina akaja kuwachukua. Mwantum alimvuta kando, kwenye kivuli cha ukuta wa wodi, akamweleza yote, mwanzo hadi mwisho, na lile fundo la kanga hakulificha. Alidhani atasikia sauti ile ya ng'ambo ya mto. Bi Mwanaamina alikuwa ameshika kidevu.

"Kwa maneno yangu yale?" akauliza kwa sauti ndogo. "Ya kambale?"

"Maneno yalikuwa yako, mkwe. Mkono ulioficha dawa ulikuwa wangu."

"Mie ningevitupa chooni kabisa. Wallahi. Weye umeficha, mie ningetupa."

"Ndiyo maana nakwambia. Utamshika, utamkuta baridi. Moyo wako utaruka. Mwache. Mvishe soksi. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, hata awe mzima kama chuma, hata mashavu yang'ae. Asiache ghafla. Akianza kuomba mto wa pili, usimpe mto, mpeleke hospitali."

"Soksi," Bi Mwanaamina akahesabu kwa vidole. "Kidonge asubuhi, kidonge jioni. Mto wa pili, hospitali. Maji?"

"Vuguvugu."

"Vuguvugu. Pilipili?"

"Pilipili tia, ila usimlize."

Bi Mwanaamina akacheka kidogo, akajifuta jicho kwa upindo wa buibui. "Na mie nikiingiwa na wasiwasi, mkwe? Nikushtue saa yoyote?"

Mwantum alimtazama binti yake akipanda kwenye gari taratibu, anasimama, anapumua, anapanda.

"Mpigie daktari," akasema. "Mie usinipigie kwanza."

Gari likaondoka. Akabaki na kanga tatu za uzazi mkononi, akampigia Shaabani simu aje amrudishe nyumbani, maana mpunga uliobaki ulikuwa unaliwa na ndege.